Mbuga ya Bahari ya Watamu: Samaki Wasiovuliwa Humfaidi Nani?

ELIMU KWA UMMA

Mvuvi wa Watamu anayetoka alfajiri na ngalawa yake hupita juu ya changu, tafi na pono wengi kabla ya kufika mahali anaporuhusiwa kutega malema. Samaki hao wamo ndani ya Mbuga ya Taifa ya Bahari ya Watamu, ambamo uvuvi wa aina yoyote umepigwa marufuku. Mbuga hiyo ilitangazwa mwaka 1968, na tangu wakati huo, kila panapozungumzwa habari za bahari, iwe kwenye banda la samaki au kwenye baraza la chifu, swali moja hurudi: samaki wasiovuliwa humfaidi nani?

Ni swali la haki, na linastahili jibu kamili. Somo hili linaeleza mbuga hiyo ni nini, ilianza vipi, inafanya kazi namna gani, na jinsi mkazi wa Kaunti ya Kilifi anavyoweza kwenda kuifurahia bila kuidhuru. Linaweza kusomwa nyumbani, shuleni au katika mikutano ya vikundi vya wavuvi, vijana na kina mama. Mwisho wake kuna maswali ya kujadili.

Mbuga na hifadhi si kitu kimoja

Pwani ya Kenya ina mbuga 4 za bahari: Malindi, Watamu, Mombasa na Kisite. Pia ina hifadhi 6 za bahari: Malindi, Watamu, Mombasa, Mpunguti, Diani-Chale na Kiunga. Wengi huziita zote kwa jina moja, lakini sheria zake ni tofauti.

Ndani ya mbuga, hakuna kuvua, hakuna kuokota makombe na hakuna kuvunja matumbawe. Kinachoruhusiwa ni kutembelea, kuogelea, kutazama, kujifunza na kufanya utafiti kwa kibali. Ndani ya hifadhi, wavuvi wanaruhusiwa kuvua kwa njia za kienyeji na kwa zana zinazokubalika, kama vile mishipi na malema. Zana za uharibifu, kama vile juya la kuburuta, bunduki ya mkuki na sumu, hazikubaliki mbugani wala hifadhini.

Mbuga ya Watamu ina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 10. Mbuga ya Malindi, dada yake wa upande wa kaskazini, ina takriban kilomita za mraba 6.3. Ukilinganisha na bahari nzima inayopakana na kaunti hii, hilo ni eneo dogo. Hata hivyo, ni eneo lililo karibu na nchi kavu, lenye maji tulivu nyuma ya mwamba, ambalo mtu mwenye ngalawa au mtumbwi angelifikia kwa urahisi. Kwa hiyo mvuvi mdogo ndiye aliyeguswa zaidi na kufungwa kwake, na jambo hilo halifai kufichwa.

Ufuo uliokaliwa tangu kale

Watu wa sehemu hii wameishi na bahari kwa karne nyingi. Kilomita chache kutoka ufuo wa Watamu yapo magofu ya Gede, mji wa Waswahili uliostawi kati ya karne ya 12 na ya 17. Misikiti, nyumba na kuta zake zilijengwa kwa mawe ya matumbawe. Uchimbaji mkubwa wa mambo ya kale ulianza huko mwaka 1948 chini ya James Kirkman, na mwaka 2024 shirika la UNESCO liliiingiza Gede katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Malindi nayo ilikuwa bandari inayojulikana ng'ambo muda mrefu kabla ya Vasco da Gama kutia nanga huko mwaka 1498. Vyombo vilikuja na upepo wa kaskazi na kurudi na upepo wa kusi, vikiiunganisha pwani hii na Uarabuni na India. Pepo hizo mbili bado ndizo zinazoamua leo ni lini mvuvi atatoka, ni lini maji yatakuwa maangavu, na ni lini mgeni atauona mwamba vizuri.

Mwaka 1968 na yaliyofuata

Katika miaka ya 1960 hoteli zilianza kuongezeka Malindi na Watamu. Wageni walipenda kurudi kwao na makombe makubwa na vipande vya matumbawe, na biashara ya vitu hivyo ikakua. Kombe zuri lenye kung'aa halipatikani kwa mnyama aliyekufa zamani na kusukumwa ufuoni na mawimbi. Huchukuliwa mwambani mnyama akiwa bado hai. Wengine walipiga samaki kwa mikuki kama mchezo. Mwamba ulianza kuchukuliwa kipande kwa kipande.

Mwaka 1968 serikali ilitangaza mbuga za Malindi na Watamu. Zilikuwa mbuga za kwanza za bahari nchini Kenya na miongoni mwa za kwanza barani Afrika. Mwaka 1979 UNESCO iliitambua sehemu ya Malindi na Watamu kuwa eneo la kimataifa la kuhifadhi viumbe pamoja na maisha ya binadamu wanaoishi humo. Leo mbuga hizo husimamiwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1989.

Familia zilizokuwa zikivua ndani ya mpaka mpya zilipoteza maji zilizoyazoea, na faida ya utalii haikumfikia kila aliyepoteza. Baadhi ya wavuvi walibadilisha kazi wakawa manahodha wa mashua za vioo, waongozaji wa wageni au wauzaji wa samaki kwa hoteli. Wengine walibaki na ngalawa zao na safari ndefu zaidi. Ndiyo maana mazungumzo kuhusu mbuga hayana budi kugusa pia nani anapata kazi na nani anasikilizwa.

Kwa nini sehemu isiyovuliwa huleta samaki

Tumbawe huonekana kama jiwe, lakini ni kundi la wanyama wadogo sana wanaojijengea nyumba ya chokaa. Ndani ya miili yao huishi mimea midogo isiyoonekana kwa macho, ambayo hutumia mwanga wa jua kutengeneza chakula na kuwapa matumbawe rangi. Tumbawe la duara na zito hukua kwa takriban sentimita moja tu kwa mwaka. Likivunjwa na nanga kwa dakika moja, huenda mtoto aliyezaliwa siku hiyo akafika utu uzima kabla halijarudi lilivyokuwa.

Samaki ndio watunzaji wa mwamba huo. Pono hukwangua mwani unaoweza kuyafunika matumbawe, na katika kusaga vipande vya mwamba kwa meno yake hutoa mchanga mweupe ambao mawimbi huusogeza hadi ufuoni. Kikande hula wale viumbe wa mviringo wenye miiba mirefu meusi, ambao kila aliyewahi kutembea mwambani bila viatu anawafahamu. Utafiti wa miaka mingi katika pwani ya Kenya umeonyesha kwamba mahali vikande walipovuliwa hadi kuisha, viumbe hao wa miiba huongezeka mno. Wao hutafuna mwamba na kumaliza chakula ambacho samaki wengine wangekula. Mwamba huwa mtupu na mavuno hupungua. Ndani ya mbuga kikande yupo, na viumbe wa miiba hubaki wachache.

Faida ya pili ni mayai. Samaki jike mkubwa hutaga mayai mengi mno kuliko jike mdogo wa aina yake. Mahali panapovuliwa kila siku, wakubwa huondolewa kwanza na wanaobaki ni wadogo. Mbugani wakubwa hubaki, hutaga, na mayai pamoja na vifaranga huchukuliwa na mkondo wa maji hadi nje ya mpaka.

Faida ya tatu ni samaki wenyewe kuvuka mpaka. Samaki hawajui mstari uliochorwa kwenye ramani. Watafiti waliopima mavuno ya malema kando ya Mbuga ya Bahari ya Mombasa waliona kwamba malema yaliyotegwa karibu na mpaka yalipata samaki wengi kuliko yaliyotegwa mbali. Faida hiyo hupungua kadiri mvuvi anavyokwenda mbali na mpaka, kwa hiyo mbuga haiwezi kuijaza bahari yote samaki.

Faida hiyo pia huweza kupotezwa. Samaki akivuka mpaka akiwa mdogo na kukutana na juya linaloburuta kila kitu pamoja na nyasi za bahari, hatapata nafasi ya kukua wala kutaga. Mbuga husaidia pale ambapo uvuvi wa nje unafuata sheria.

Mida: chumba cha kulelea watoto wa samaki

Kusini mwa Watamu, bahari huingia nchi kavu kupitia mlango mwembamba na kutanuka kuwa hori kubwa linaloitwa Mida Creek. Hori hilo liko ndani ya hifadhi. Limezungukwa na mikoko ya aina kadhaa, ikiwemo mkoko wenyewe, mchu, mkandaa, muia na mlilana.

Samaki wengi wanaovuliwa mwambani walianza maisha yao kati ya mizizi ya miti hiyo, ambako samaki wakubwa hawawezi kuwafuata. Kaa na kamba hulelewa humo pia. Mizizi hushika tope lisiende kuyafunika matumbawe, na miti hupunguza nguvu ya mawimbi yanayokula ufuo. Mtu akikata mikoko ya Mida, hasara yake itaonekana baadaye kwenye malema ya mvuvi aliye mbali na hapo.

Maji yanapotoka, ndege wengi hushuka kwenye matope kutafuta chakula. Mmoja wao ni ndege mweusi na mweupe mwenye mdomo mnene, anayependa kula kaa. Huzaliana kwenye fuo zenye mchanga za Uarabuni na Ghuba, ikiwemo Oman, kisha huja kukaa Mida miezi mingi ya mwaka. Wageni husafiri kutoka nchi za mbali kuja kumwona.

Mikoko imewapa wakazi njia nyingine ya kipato. Kuna daraja la mbao linalopita juu ya mikoko ya Mida, ambalo ada ya kulitembelea husaidia kulipa karo za wanafunzi wa shule za upili wanaotoka vijiji vilivyo karibu na Mida na msitu wa Arabuko-Sokoke. Mpango huo ulianzishwa na shirika la A Rocha Kenya mwaka 2001. Upande wa Dabaso, kikundi cha wakazi hufuga kaa, hupanda mikoko na kuendesha mkahawa juu ya maji.

Hatari zinazoukabili mwamba

Joto la bahari. Maji yakipata joto kupita kawaida kwa wiki kadhaa, matumbawe huitoa ile mimea midogo inayoyalisha na kubaki meupe. Joto lisiposhuka upesi, hufa. Mwaka 1998, wakati wa El Nino, sehemu kubwa ya matumbawe ya Kenya ilipauka na kufa, yakiwemo yaliyokuwa ndani ya mbuga. Mengi hayajarudi kuwa kama zamani, na vipindi vya joto vimerudi tena tangu wakati huo. Mpaka wa mbuga hauwezi kuzuia joto. Lakini mwamba wenye samaki wa kutosha una nafasi bora ya kupona, kwa kuwa mwani unaliwa na matumbawe machanga hupata mahali pa kushika.

Tope. Mto Sabaki ndio mwisho wa maji ya Mto Athi na Galana. Mvua ikinyesha bara kwenye mashamba yasiyo na matuta, udongo husafiri mamia ya kilomita hadi baharini kaskazini mwa Malindi. Wakati wa kaskazi, maji hayo mekundu husukumwa kusini na kuifikia Mbuga ya Malindi. Watamu iko mbali zaidi na mdomo wa mto, na hii ni sababu mojawapo ya maji yake kuwa maangavu zaidi.

Taka. Kasa huwa hatofautishi mfuko wa plastiki na yavuyavu analolila. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa tarehe 28 Agosti 2017. Kuanzia tarehe 5 Juni 2020, chupa, sahani, vijiko na mirija ya plastiki ya kutumiwa mara moja haziruhusiwi katika maeneo yaliyohifadhiwa, zikiwemo mbuga na fuo zake.

Mwanga na kelele ufuoni. Kasa jike hupanda ufuoni usiku kutaga, na mayai hukaa mchangani kwa takriban siku 50 hadi 60. Vifaranga wanapotoka hufuata mwanga wa upeo wa bahari. Taa kali za nyumba na hoteli huwavuta upande wa nchi kavu, ambako hufa. Kasa huchukua miaka mingi, mara nyingi zaidi ya 20, kabla ya kuanza kutaga, kwa hiyo hasara ya leo itaonekana baada ya kizazi kizima. Hapo Watamu, kikundi cha Local Ocean Conservation, kilichoanza kazi hiyo mwaka 1997, hulinda viota na hushirikiana na wavuvi ambao nyavu zao zimenasa kasa kwa bahati mbaya, ili kasa apimwe na kurudishwa baharini.

Kwenda kujifurahisha: wakati gani na kwa namna gani

Mbuga ya bahari si ya wageni kutoka ng'ambo peke yao. Raia na wakazi wa Kenya hutozwa ada ya chini kuliko wageni, na malipo ya KWS hufanywa kwa njia ya mtandao wa eCitizen. Ni vyema kuthibitisha ada kabla ya safari, hasa kwa shule na vikundi.

Chagua msimu. Maji huwa matulivu na maangavu zaidi katika miezi ya kaskazi, kuanzia Novemba hadi Machi. Papa shilingi, samaki mkubwa kuliko wote duniani na asiyemdhuru mtu, huonekana nyakati fulani katika miezi hiyo. Wakati wa kusi bahari huchafuka, na kati ya Aprili na Juni mvua huwa nyingi. Hata hivyo, kuanzia Julai hadi Oktoba nyangumi hupita nje ya mwamba na huweza kuonekana kutoka kwenye mashua. Katika miezi hiyo hiyo ya kusi, ndege wa baharini hutaga kwenye Kisiwa cha Nyangumi karibu na mlango wa Mida, na hawapaswi kusumbuliwa.

Jua maji yanavyokwenda. Bahari hujaa mara mbili na kutoka mara mbili kwa siku, na kila siku saa husogea mbele kwa takriban dakika 50. Mwezi mwandamo na mwezi mpevu huleta bamvua, ambapo tofauti kati ya maji kujaa na kupwa hufika kati ya mita 3 na 4. Siku za bamvua, maji hupwa sana mnamo saa nne au saa tano asubuhi. Huo ni wakati mzuri wa kutazama vidimbwi vya mwambani, lakini pia ni wakati wa hatari kwa asiyejua, kwa sababu maji yakianza kurudi hujaza mifereji ya nyuma kwanza na kumkatia mtu njia. Anayetembea mwambani arudi mara maji yanapoanza kugeuka. Mlango wa Mida una mkondo mkali wakati wa bamvua, na si mahali pa watoto kuogelea. Maji mafu, ambayo huja mwezi ukiwa nusu, ni matulivu zaidi.

Panda mashua salama. Mashua iwe na leseni, isijazwe kupita kiasi, na kila abiria avae jaketi la kuokoa maisha, hata kama anajua kuogelea. Nahodha afunge mashua kwenye boya badala ya kutupa nanga juu ya matumbawe.

Tazama, usiguse. Anayeogelea kwa miwani ya maji asisimame juu ya matumbawe. Samaki wasilishwe mkate, kwa kuwa huwaacha kazi yao ya kuusafisha mwamba. Kiti cha pweza asitolewe majini kwa ajili ya picha. Zoea hilo limeenea kwenye mafungu ya mchanga yanayotembelewa sana, na mnyama huyo huweza kufa baada ya kupitishwa mkono kwa mkono.

Vaa viatu. Miiba ya baadhi ya samaki wanaojificha mchangani ina sumu kali. Aliyechomwa atumbukize mguu katika maji ya moto kiasi cha kuvumilika, yasiyounguza, kwa muda wa nusu saa au zaidi, kwani joto hupunguza maumivu. Kisha apelekwe kituo cha afya bila kuchelewa.

Ufuo ni wa nani?

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 62, inasema kwamba ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa ni ardhi ya umma. Kwa hiyo mchanga unaofunikwa na kufunuliwa na maji si wa hoteli wala wa mwenye nyumba iliyo mbele yake. Mkazi ana haki ya kutembea hapo, na mvuvi ana haki ya kupita. Tatizo huwa ni njia za kuufikia ufuo huo, ambazo mahali pengine zimezibwa na kuta. Njia ya umma ikizibwa huumiza mvuvi, mwanafunzi na mfanyabiashara mdogo kwa pamoja, na hupunguza watu wenye sababu ya kuutunza ufuo.

Majukumu yamegawanywa. Wanyamapori na mbuga za taifa, zikiwemo za bahari, ni kazi ya Serikali Kuu kupitia KWS. Kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba, uvuvi, fuo na maeneo ya burudani ya kaunti ni kazi ya Serikali ya Kaunti. Mikoko husimamiwa na Huduma ya Misitu ya Kenya, na ardhi ya umma husimamiwa na Tume ya Kitaifa ya Ardhi. Vikundi vya usimamizi wa fuo, BMU, ni mahali pa mvuvi kutoa sauti yake kuhusu zana, leseni na maeneo ya kuvua. Mkazi anayejua mgawanyo huu hapotezi muda kupeleka malalamiko yake kwa ofisi isiyohusika.

Mfano wa Kuruwitu

Kaunti hii ina mfano mwingine unaofaa kutazamwa pamoja na Watamu. Huko Kuruwitu, karibu na Vipingo, wavuvi wenyewe waliona samaki wakipungua mwaka baada ya mwaka. Katikati ya miaka ya 2000 walikubaliana kufunga sehemu ya bahari yao ya takriban hekta 30. Waliiita tengefu, yaani sehemu iliyotengwa. Mwanzoni wengine walipinga, kwa sababu ile ile iliyowaumiza wavuvi wa Watamu mwaka 1968: kuacha kuvua leo ni njaa ya leo, na faida ni ya kesho.

Samaki walirudi ndani ya tengefu, na jamii nyingine za pwani zikaja kujifunza. Mwaka 2017 Kuruwitu ilipata Tuzo ya Ikweta inayotolewa na Umoja wa Mataifa kupitia UNDP. Tofauti kubwa kati ya Kuruwitu na Watamu iko katika nani aliyechora mpaka. Kule mpaka ulichorwa na wavuvi, na wavuvi ndio wanaoulinda.

Kwa mbuga ya Watamu, mpaka ulichorwa na serikali zaidi ya nusu karne iliyopita. Kuulinda leo kunahitaji wavuvi, wenye mashua, wenye hoteli, walimu na maafisa wakae meza moja. Hapo ndipo swali la nani anafaidika linaweza kujibiwa kwa kazi, bursari na njia za ufuoni zilizo wazi, pamoja na samaki wanaovuka mpaka.

Mambo ya kukumbuka

1. Mbugani hakuna kuvua wala kuokota chochote. Hifadhini uvuvi wa kienyeji unaruhusiwa kwa zana halali.
2. Kikande, pono na samaki wakubwa wanaotaga ndio wanaoufanya mwamba uendelee kutoa samaki.
3. Mikoko ya Mida hulea samaki wanaovuliwa mwambani.
4. Ufuo kati ya maji kujaa na maji kupwa ni ardhi ya umma.
5. Kabla ya kwenda mwambani, jua kama ni bamvua au maji mafu, na rudi mara maji yanapogeuka.
6. Ukimwona kasa aliyejeruhiwa, kiota cha kasa, juya au mtu anayekata mikoko, toa taarifa kwa kituo cha KWS, kwa BMU au kwa afisa wa uvuvi wa wadi.

Maswali ya kujadili

1. Wazee wa kijiji chenu wanakumbuka samaki gani waliokuwa wengi zamani na sasa ni adimu? Walivuliwa kwa zana gani?
2. Ni njia zipi za umma za kufikia ufuo katika wadi yenu? Je, zote ziko wazi?
3. Ikiwa jamii yenu ingetenga sehemu ya bahari kama Kuruwitu, ingechagua sehemu ipi, na wanaovua hapo wangesaidiwa vipi katika miaka ya mwanzo?
4. Kati ya kazi zinazotokana na mbuga ya bahari, zipi zinaweza kufanywa na vijana wa hapa, na wanahitaji mafunzo gani?

Majibu ya maswali haya yanaweza kuwasilishwa kwa msimamizi wa wadi, au kutolewa katika mikutano ya wananchi ya kushiriki katika mipango ya kaunti.